Dakika Ishirini Makaburini

Jumanne, tarehe 17 Septemba 2024. Ukungu ulilala juu ya mto Mosel hadi saa nne asubuhi, kisha jua likatoka, lakini nyasi zilibaki na maji mchana kutwa.

Asubuhi hiyo Bilha Nekesa alimvisha Mama Cheryl gauni jeusi la kanisani, soksi nyeusi na kofia ndogo yenye wavu, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha kulia cha meli. Meli nzima iligeuka kuwatazama. Abiria wote walikuwa wamevaa kaptura na viatu vya kukimbilia, ingawa kwa siku tano hakuna aliyeonekana akikimbia ila kuelekea kwenye keki. Bibi mmoja aliyevaa miwani ya jua utosini aliuliza kwa upole ni nani aliyefariki.

"Kaka yangu," akajibu Mama Cheryl, kisha akaomba chumvi.

Bilha alitoka Bungoma miaka kumi na mmoja iliyopita. Anaishi Langley Park, Marekani, na kila alfajiri hupanda basi linalojipenyeza kati ya mashimo ya ujenzi wa reli mpya hadi Bladensburg, kumtunza Mama Cheryl. Cheryl ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Mama huyo Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na saba, alijifunza Kiswahili ujanani katika madarasa ya jioni, na hadi leo anakizungumza kwa usafi wa kitabuni. Mwanawe wa pekee, Mark, hajui neno. Anakaa Herndon, mwendo wa saa moja kwa gari, lakini safari hiyo huifanya kama mtu anayekwenda kuhiji: Krismasi, na Siku ya Mama.

Mark ndiye aliyenunua safari hii ya mtoni, akaja nao. Bilha alipoona Luxembourg kwenye ratiba, hakuuliza zaidi. Kaka yake Mama, Christopher, dereva wa lori la jeshi, aliuawa vitani huko Januari 1945 na huko akazikwa. Kwa Bilha, kama kwa mtu yeyote wa kwao, jambo lilikuwa wazi: mama wa umri ule havushwi bahari ila apelekwe kwa marehemu wake. Akapiga pasi gauni jeusi. Akamwambia Mama ajiandae, naye Mama akajiandaa kwa miezi mitatu, akilala na karatasi ya namba ya kaburi chini ya mto.

Mark hakuwa amewaza hata chembe ya hayo. Yeye alinunua majumba ya kale na divai. Makaburi ya askari wa Marekani yaliangukia tu kwenye ratiba, kati ya kasri na duka la chokoleti.

Mtembeza wageni aliitwa Gregori. Alibeba kijiti chenye namba sita, akawavisha wote visikizi masikioni, wakamfuata kama vifaranga. Kasri walilitazama kwa nje. Darajani walipewa dakika nne za picha. Bilha alikumbuka kwamba sokoni kwao mtu akinunua mbuzi humkagua kwa muda mrefu kuliko huo, tena mbuzi hana historia.

Makaburini walipewa dakika ishirini. Gregori aliwaongoza watu arobaini moja kwa moja hadi kwenye kaburi la jenerali maarufu, lililo mbele kabisa. Hapo wakapanga foleni, wakapigana picha, wengine wakipiga saluti na matumbo yao nje. Wakubwa hata wakifa hupewa mstari wa mbele, Bilha akajisemea, naye dereva wa lori yuko kule chini mteremkoni, mstari wa kumi na moja.

Hakungoja. Aligeuza kiti akakisukuma nyasini. Magurudumu yalizama. Akavuta, akasukuma, akavua koti akalitandika chini ya gurudumu. Walikuwa wamepita mistari sita Mark alipowafikia akihema, akisema basi linaondoka. Alimtazama mama yake, akatazama misalaba myeupe iliyotapakaa pande zote, akatoa simu.

"Mama, tulia hapa hapa, nikupige picha na msalaba huu," alisema kwa Kiingereza. "Yote inafanana."

Mama Cheryl alimgeukia Bilha, akasema kwa Kiswahili, "Binti, mwambie mwanangu kwamba huyu ni maiti wa watu wengine."

Miaka yote hiyo Bilha hakuwahi kumpinga Mark. Mafunzo ya kazi yalikataza. Lakini kutafsiri si kupinga. Alilitafsiri neno lote, polepole. Mark akacheka kidogo, akapiga picha, akashika kiti mwenyewe na kukirudisha barabarani.

Kwenye duka la chokoleti wote walishuka ila wawili. Mama Cheryl alikaa ndani ya basi na kofia yake kichwani.

"Bilha, tumefika au hatujafika?"

"Hatujafika, Mama."

Jioni Mark alizungusha simu mezani. Bibi wa miwani akasema picha inagusa moyo. Kumbe Mark alikwisha kuituma kwa binamu zake wote Marekani, na chini ameandika: Mama na Mjomba Christopher, hatimaye. Bilha alisoma jina lililokuwa kwenye msalaba ule. Lilikuwa la mtu wa Ohio. Akatamani kucheka, akakata nyama ya Mama vipande vidogo.

Ratiba ya kesho ilikuwa kuonja divai. Meli ingeng'oa nanga saa saba mchana. Bilha hakumwomba Mark ruhusa, yeye ambaye Bladensburg huomba ruhusa hata ya kubadilisha pazia.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, aliita teksi kupitia mapokezi, akamvisha Mama gauni lile lile, wakaondoka Mark akiwa bado kwenye mayai. Makaburi yalipofunguliwa, mtunzaji aliwapandisha kwenye kigari cha umeme akawashusha mteremkoni hadi mstari wa kumi na moja. Akasugua mchanga mbichi kwenye herufi zilizochongwa msalabani hadi zikasomeka wazi hata kwa macho ya Mama. Mama Cheryl alisoma jina lote kwa sauti, akaanza kuzungumza na kaka yake habari za nyumbani.

Simu ya Bilha ililia mara mbili, Mark akipiga. Bilha aliizima, akasimama nyuma ya kiti, akangoja Mama amalize.