Siku Tulipofua Vitambaa vya Tembo

Waliokuwepo ni hawa. Nilikuwepo mie. Alikuwepo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mjane kama mie, ambaye shamba lake linapakana na langu na ndilo lililo upande wa porini. Alikuwepo binti wa Kizungu aliyekuja kujitolea kwenye mradi wa tembo, akalala kwangu kwa kuwa nilikuwa na chumba kitupu tangu mjukuu wangu aolewe Korogwe. Alikuwepo bwana wa mradi, ambaye mama yake na mie tulikua pamoja kwenye kambi ya mkonge kule Mazinde, ndiyo maana ananiita mama mkubwa. Alikuwepo mwenyekiti wetu wa kitongoji, mtoto wa shemeji yangu. Na wanawake wa kikundi, tulikuwa kumi na wawili, wote majirani hapa Kwedizinga. Majina yao ninayo yote, hata la yule binti ambalo kwa wengi lilikataa kukaa mdomoni wakawa wanamwita Mgeni. Sitayaandika. Wengi wapo hai na sijawaomba ruhusa.

Nilipoolewa huku nikitokea Mazinde, tembo tulikuwa tunawasikia kwa habari tu. Miaka hii wanakuja wenyewe, na wanajua kalenda kuliko sie. Mahindi yakiwa machanga huwaoni. Yakianza kukauka, wamefika. Na tembo hali akashiba akaenda zake kama mbuzi. Anakula huku anakanyaga, na alichokanyaga hakisimami tena.

Wifi alikuwa analinda shamba lake mwenyewe. Alijengewa dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, akawa analala juu yake na debe la kupiga na kuni za moto. Hana shamba lingine, na nyumbani ana wajukuu watatu wanaokula kutokana na hilohilo. Magoti yalikuwa yameshamchoka. Kupanda ngazi ya dungu ilikuwa mpaka ashikwe.

Basi mwaka juzi ukaja mradi wa kuzuia tembo kwa pilipili, na Mgeni akaja nao.

Neno kujitolea sie si geni kwetu. Tumejitolea kuchimba msingi wa zahanati, tumebeba mawe ya shule kichwani. Tunauita msaragambo. Lakini msaragambo mtu anaufanya kwao, na hilo ndilo lililomshinda wifi. Siku ya kwanza tu, tumekaa uani tunamenya muhogo, akamuuliza Mgeni kama kwao kazi zimeisha. Mgeni alikuwa amejifunza Kiswahili chuoni, alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akajibu kuwa kazi zipo, ila kwao hakuna tembo.

"Na mahindi yapo?" wifi akamuuliza.

"Yapo, mama. Mengi."

"Nani anayeyala?"

Mgeni akafikiri. "Nguruwe mwitu. Wanaharibu sana."

"Mnawafanyaje?"

Binti akawa mwekundu mpaka masikioni. "Tunawapiga risasi," akasema.

Wifi akaweka kisu chini, akatuangalia mmoja mmoja. "Mmesikia, jamani? Wa kwao risasi. Wa kwetu tumpikie pilipili."

Tulicheka mpaka muhogo ukatutoka mikononi, na Mgeni mwenyewe akacheka kajifunika uso. Tangu siku hiyo nikajua atakaa.

Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kufuata nyayo. Anapima unyayo kwa futi ya fundi cherehani, anaandika, akikuta kinyesi anakipima nacho. Wanawake wakipita kwenda kuteka maji lambo wanamuuliza, leo mavi yamezaa ngapi? Anawajibu hesabu yake bila kukasirika. Jioni ananieleza kwamba unyayo ule ni wa jike, na ule mdogo ni wa mtoto wake, na wale ndio waliopita wiki iliyopita. Nikaanza na mie kuzijua. Nyayo zile nimezipita miaka na sikuwahi kuinama.

Kazi ya mchana ilikuwa uzio. Uzio wenyewe ni nguzo, kamba inazunguka shamba, na kwenye kamba unafunga vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili kichaa iliyotwangwa ikachanganywa na oili chafu ya magari. Oili ni ya kuzuia mvua na jua visiondoe ukali. Tembo pua yake ndiyo mkono wake, na mkono hauingii mahali panapouma. Hivyo ndivyo Mgeni alivyotufundisha.

Walikuja na kamba za nailoni. Nikawaambia hizi hazinywi oili, zitateleza tu. Mie nimezaliwa kwenye mkonge, baba yangu alikuwa mkata mkonge, na kusokota kamba pajani nilikujua kabla sijaingia darasa la kwanza, na darasa lenyewe niliishia la nne. Bwana wa mradi akakubali. Tukaletewa nyuzi za mkonge kutoka Korogwe, tukasokota sie wenyewe. Mgeni naye alitaka kujifunza, akawa anasokotea juu ya suruali na uzi haushiki. Nikampa khanga, nikamwambia paja liwe wazi. Jioni paja lilikuwa jekundu kama limechapwa, lakini kamba ya urefu wa mikono miwili alikuwa nayo, akaitundika chumbani.

Pilipili tulitwangia kwenye kinu kibovu, maana cha kwangu nilikataa kisichezewe. Vitambaa tulitoa sie. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho: khanga zilizochanika, mashati ya waume, shuka kuukuu. Wifi alileta hata gagulo lake la zamani, la kuvaa ndani, akasema limemaliza kazi yake kwa binadamu, sasa likawatumikie tembo.

Uzio ulipokamilika, wifi bado alitaka kulala dunguni. Mie ndiye niliyemwambia ashuke. Nilimwambia, wifi, hayo magoti utayamalizia juu ya miti, shuka ulale kwako, huu uzio unalinda. Nilimrudia kwa siku tatu. Siku ya nne akashuka.

Na kweli ulilinda. Nyayo zilikuja mpaka kwenye kamba zikageuka. Mgeni akatupeleka tukaziona, wote kumi na wawili. Wifi alisimama pale muda mrefu akiziangalia zilivyokata kona.

Halafu mwenyekiti akatangaza wageni. Wakubwa wa mradi na watu wa wilaya watakuja Alhamisi kuangalia uzio. Alituambia Jumatatu, akasisitiza usafi: njia zifagiliwe, vyoo viwe safi, kijiji kisiaibike. Mgeni na bwana wa mradi hawakuwepo, walikuwa wamekwenda Korogwe kufuata oili nyingine na wangerudi pamoja na wageni haohao.

Jumatano asubuhi tukafagia. Tulipofika kwenye mashamba nikauangalia uzio kwa macho ya mgeni wa wilaya. Vitambaa vyeusi, vinanuka, nzi wamekufa juu yake. Na kando ya njia kuu, usawa wa macho, gagulo la wifi limening'inia na mikanda yake. Nikaona haya. Nikasema hatuwezi kupokea watu na matambara haya, tuyafue.

Hakuna aliyeuliza. Sie tumelelewa hivyo, mgeni akija hata jiwe la mlangoni linasuguliwa. Tukafungua vitambaa vyote, tukaenda navyo lambo, tukavifua kwa sabuni ya unga mara mbili, maana oili haitoki mara moja. Mikono ilituwaka kwa pilipili mpaka usiku, na hata hiyo mikono haikutuambia kitu. Jioni tukavirudisha kwenye kamba vikiwa vinang'aa, tukavipanga kwa rangi. Gagulo tuliliweka upande wa nyuma, porini, wasikopita watu. Tulivutiwa na kazi yetu.

Alhamisi alfajiri, nimemaliza kuswali, nikasikia wifi ananiita kutoka shambani kwake. Hakupiga kelele. Aliniita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na nikajua.

Waliingia palepale nyuma, wakatokea mbele. Kamba imekatika sehemu mbili. Shamba lake lilikuwa limelala chini kama mkeka, na mahindi yaliyobaki yalikuwa ya pembeni. Langu waliligusa mistari michache tu. Wifi alikuwa ameshika bua moja, anageuza geuza kama anatafuta lilipovunjikia.

Gari za wageni zikafika saa nne. Hakukuwa na namna ya kuficha. Walizunguka shamba wakiandika. Mgeni akashika kitambaa kimoja, akakiweka puani. Akashika cha pili. Akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, kinanukia sabuni." Nikainama kuokota mabua. Akaniangalia kidogo, akakiacha kile kitambaa, akarudi kwa wenzake. Hakuwaambia.

Tukakaa mbele ya ofisi ya kitongoji. Mkubwa wa mradi akasema kwa adabu kabisa kwamba inaelekea njia hii haifai kwa eneo letu, na kwamba itabidi waangalie vijiji vingine. Wifi akaomba kusema. Alisimama na lile bua mkononi.

"Mlisema tembo hapiti kwenye pilipili," akasema. "Nikashuka dunguni. Amepita. Sasa mie nimuulize nani?"

Mgeni akasimama. Akasema kosa ni lake, hakukagua uzio kabla ya kwenda Korogwe, na anamwomba mama msamaha. Kiswahili chake siku hiyo hakikukwama hata neno moja.

Niliposikia yule binti anajibebesha, miguu iliniinua yenyewe. Nikasema, "Muongo huyo. Pilipili niliifua mie."

Mwenyekiti akanikazia macho nikae, maana usafi aliuagiza yeye. Sikukaa. Nikawaeleza yote, sabuni, lambo, mpaka kupanga kwa rangi. Watu wa wilaya walitaka kucheka wakajizuia. Bwana wa mradi alijishika kichwa akasema, mama mkubwa, mama mkubwa. Mkubwa wake akafuta alichoandika, akaandika upya. Uzio ulibaki, na upo mpaka leo.

Lakini mie nilikuwa namwangalia wifi. Alinigeukia taratibu.

"Miaka yote unanisema kwangu kuchafu," akasema. "Leo umenisafisha."

Akaondoka na bua lake.

Siku tatu hakunijibu salamu. Nilimtumia mjumbe kwamba aje avune kwangu nusu, jibu likarudi kwamba yeye si ombaomba. Mgeni alitaka kwenda kumbembeleza, nikamkataza, nikamwambia haya ni mambo ya mawifi. Siku ya nne nikiwa navuna, akatokea na tenga lake kichwani, hakupiga hodi, akapita mistari ya pembeni akaingia katikati, palipokuwa na mahindi mazuri kuliko yote, akaanza kuvunja. Nikahamia mstari wa jirani yake. Tulivuna mpaka adhuhuri. Mgeni alikuwa anabeba, na tenga la kwanza alilipeleka kwa wifi bila kuambiwa. Tukagawana hivyo siku zote za mavuno, na mwaka ule nyumba zote mbili zilimalizia kwa muhogo.

Mgeni alirudi kwao baada ya mavuno. Mwaka huu tumechovya vitambaa sie wenyewe, na akija mgeni wa wilaya anavikuta vyeusi hivyohivyo.

Limebaki jambo moja linalotukosanisha. Siku hizi wifi anawaambia watu kwamba mie sikusema kitu. Anasema aliyeanza ni yeye, aliona haya kwa gagulo lake, akalifungua kwenye kamba, na sie wengine tukafuata. Anasema kwa uhakika kabisa, na siku aliyoyasema mbele yangu nikamwambia wifi, usinisitiri, akajibu kwamba uzee umenipata. Mie nakumbuka ni mdomo wangu. Namkumbuka kila mmoja aliposimama, na nani alikuwa ameshika ufagio. Lakini tulikuwa kumi na wawili. Kama wewe ni mmoja wao, au mama yako alikuwa mmoja wao na aliwahi kukusimulia, na nimekosea, nijie unisahihishe. Nami nitamwendea wifi nimwambie alikuwa sahihi.