Kiti cha Mwanangu Nilikifanya cha Wageni

Jamani, kosa ni langu peke yangu. Msinionee huruma mpaka mmalize kusoma, na mkitaka kucheka chekeni. Huku kwetu Manzese wameshanicheka na bado nawasalimia.

Mie nachapa na kutoa kopi kwenye fremu yangu ya duka Mabibo, wateja wengi ni wanafunzi wa hosteli. Kutwa nzima nimekaa. Nilikuwaga nakalia stuli ya plastiki, kompyuta iko kwenye kimeza kifupi, nimejikunja kama mtu anayechambua mchele.

Binti yangu wa pekee, Neema, anafanya kazi Dodoma. Mshahara wake wa kwanza akaninunulia kiti cha ofisi. Kina magurudumu, kina mto wa kiuno, kinapanda na kushuka. Akanielekeza: mgongo uegemee, nyayo ziguse chini, kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, na nisikae muda mrefu bila kuinuka nijinyooshe.

Nikamjibu, "Mgongo huu ndio uliokubeba wewe. Leo ndiyo unataka kuufundisha kukaa?" Akacheka tu.

Sasa dhambi yenyewe. Kiti kile sikukikalia. Kilikuwa kizuri mno! Kukipeleka kwenye vumbi la Mabibo roho ilikataa. Nikakiweka sebuleni na nailoni yake, juu nikatandika kitambaa cha kufuma, kikawa cha wageni wa heshima. Mjumbe alikikalia. Mama mchungaji alikikalia, akajizungusha nacho kidogo akidhani simwoni. Mwenye kiti nikabaki na stuli yangu.

Neema akipiga simu kuuliza, namwambia nakikalia hapa hapa, yaani raha tupu. Akija likizo nakiwahisha dukani kwa bajaji kabla hajafika, nakaa kwa adabu. Akiondoka, kinarudi sebuleni. Hata nailoni aliiulizia, nikasema inazuia vumbi.

Mgongo ulishaanza kunisemesha kitambo. Nikawa nauchua, najidanganya ni uchovu.

Akapata mchumba, ikaja sendofu yake, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Kina mama tukashona sare, tukafanya mazoezi ya kuingia ukumbini tukicheza, mie mbele. Toka yuko mdogo nilimwahidi kwamba, kwa kuwa baba yake hayupo, siku hiyo nitacheza kwa niaba ya wawili. Alikuwa akinikumbusha ahadi hiyo kila tukiongea.

Wiki ya sherehe, nikainama dukani kuokota rimu ya karatasi. Mgongo ukakaza hapo hapo, kuinuka siwezi. Jirani akanirudisha nyumbani, akampigia Neema, ambaye alikuwa tayari njiani anakuja.

Alinikuta nimelala kwenye mkeka sebuleni. Kiti kiko pembeni, na nailoni yake, na kitambaa chake. Akakitazama, akanitazama.

"Kwa hiyo mama, nilimnunulia mgeni?"

Akatoka uani, nikamsikia analia. Jamani, maumivu ya mgongo niliyasahau kabisa!

Daktari akasema misuli imechoshwa na kukaa vibaya muda mrefu. Nisiiname, nisinyanyue kitu. Kucheza ndiyo kabisa nisahau.

Siku ya sendofu nikasema nibaki nyumbani, naona aibu. Neema akachukua mkasi akachana ile nailoni, na mie, bila haya, roho ikaniuma kuiona inachanika.

Tulipofika mlangoni mwa ukumbi, mie nimekalia kiti kile, akakataa nisukumwe na mtu mwingine. Akakishika kiti mwenyewe, na gauni lake lote lile, akanisukuma mpaka ndani huku kina mama wa sare wakicheza pembeni. Mie nikacheza mabega tu. Akaniinamia sikioni: "Huu mgongo ulinibeba. Tulia, leo nakubeba mie." Nililia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Siku hizi kiti kiko Mabibo na nakikalia. Kompyuta nimeipandisha juu ya rimu za karatasi, nainuka najinyoosha, wanafunzi wananitania kwamba mama anajiandaa na mechi. Waache wanitanie.

Ila nyie wenye vitu vizuri vya wageni, mnaovunjika viuno kwenye stuli, najua mpo. Toeni nailoni leo, mkae. Mwanangu alitaka kucheza na mama yake, akaishia kumsukuma.