Mama Zuhura Amekataa na Simu Yangu

Leo maji yamekuja huku mtaani kwetu Kware, yakaisha, na mimi niko tu kwa nyumba.

Asubuhi nilimpa jirani yangu Mama Zuhura simu anifichie. Nina mtihani, na kila nikifungua kitabu najipata kwa video za watu wakipika.

Basi nikasoma. Kusoma kweli, jamani.

Kumbe keateka, yule msimamizi wa nyumba zetu za kupanga, ametangaza maji kwa grupu ya ploti kwenye simu.

Kutoka nje, mfereji umekauka. Lakini mitungi yangu niliyoacha mlangoni imejaa yote.

“Niliona kwa simu yako,” akasema Mama Zuhura. “Sikutaka kukusumbua.”

Karibu nilie. Nikanyoosha mkono nipewe simu.

“Umemaliza kitabu?”

Naandika hii kwa simu ya Zuhura. Msimwambie mamake.