Mgeni Aliyekuja Jua Lilipopatwa

Visa vya namna hii watu husema vilitokea usiku, na msimulizi akiwa peke yake. Changu kilitokea mchana, tukiwa watu wanne, na watatu kati yetu bado tuko hai. Sina shule kubwa, lakini uongo sikufundishwa.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kwetu Kishanda. Baba alikuwa amefariki msimu uliotangulia, tukamzika kibanjani, katikati ya migomba, kama tunavyowazika watu wetu. Migomba yenyewe wadudu walikuwa wanaimaliza. Nilikuwa nimepewa shamba katika kijiji kipya huko Ngenge, na lori lilikuwa karibu kuja kutuchukua. Mama aligoma kuliacha kaburi. Ningemwachaje mjane peke yake? Na kama ningebaki, mtoto aliyekuwa tumboni mwa mke wangu angekula nini?

Siku jua lilipopatwa, mwalimu wa shule alikuwa ameonya kila nyumba tusilitazame jua kwa macho. Basi tukajaza maji katika mtumbwi wa pombe, lile gogo lililochongwa ambamo Baba alikuwa akikamulia ndizi, tukaketi kulizunguka tulione jua humo.

“Usiinue macho,” mke wangu aliniambia. “Ukipofuka nani atanifikisha Ngenge?”

“Ngenge ni kwenu,” Mama akasema. “Mimi mume wangu yuko hapa.”

Koku, dada yangu, akacheka. “Mama, huyo mume siku hizi hata salamu haitikii!”

Mama hakucheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka.

Jua likaliwa polepole majini, likawa kama ukucha, kisha likazimika. Kuku waliingia ndani. Baridi ikatushika, nyota zikatoka. Hapo tukasikia mtu akikohoa penye migomba, kama mgeni anayebisha hodi.

Akaja akaketi kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa amejitanda lubugo, lile vazi la gome la mti tunalowavika maiti. Uso wake sikuuona, na sitasema niliuona.

Mama hakumwuliza jina. Aliingia ndani akatoka na kikapu cha kahawa ya kutafuna, akamsogezea kwa mikono miwili, akiwa amepiga magoti. Tulimsikia mgeni akitafuna.

“Wanataka nikuache,” Mama akasema.

“Nenda.” Sauti ilikuwa kavu. “Hata nilipokuwa hai hukujua kupalilia. Migomba niachie mimi. Nenda ukamlee mjukuu.”

Niamini, Mama alicheka! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Ni nani mwingine aliyewahi kumtania kuhusu jembe lake?

Mgeni akainuka. Koku akaruka, akamkimbilia, “Tata! Tata!” kama tulivyozoea kumwita Baba. Alishika pindo la lubugo. Mama alimwahi, akamvuta nyuma kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

“Mwache! Huko anakokwenda hukujui.”

Ukingo wa jua ukawaka. Majogoo wakawika. Kwenye nyasi palikuwa na maganda ya kahawa, bado yana mate. Mke wangu anasema alisikia sauti tu, hakuona mtu. Mimi niliona na nikasikia. Koku aligusa.

Jioni ile Mama alianza kufunga vyungu vyake. Huko Ngenge alilea wajukuu watano, akicheka nao, na mwaka jana tulimrudisha Kishanda, tukamlaza pembeni mwa Baba. Ninamlilia, lakini moyo wangu umetulia.

Nawe, jua likipatwa ukiwa na watu wako, usikimbilie ndani ukafunga mlango. Akija mtu akakohoa, mpe kahawa, msikilize. Ila akiinuka kuondoka, mikono yako ikae mapajani. Koku sasa ni bibi. Kiganja chake cha kulia ni baridi kama jiwe la mtoni, hata akikiweka juu ya moto. Wajukuu wake wakiwa na homa humwomba awashike paji la uso, naye huwashika. Lakini kila anapolala hukifunga kwa kitambaa, kwa sababu, anasema, usiku kinavutwa.