Kaka Marijani na Picha za Nyumba Nne

Mie nina hasira za karibu. Nalisema mwenyewe kabla mtu hajanisemea. Kaka yangu Marijani hakuwa nazo. Ukimrushia neno baya, alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anaivaa tena, basi limekwisha. Tumenyonya ziwa moja, tumekulia chumba kimoja pale Temeke, na sijui nani alichukua fungu la nani.

Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Kila kitu kwake kilikuwa na namba. Hata masufuria ya mama aliyaandika namba chini kwa rangi nyeupe, mama akamtukana wiki nzima. Mwaka themanini na saba, wakati wa ruksa, vitu vilipoanza kujaa madukani, Marijani alichukua redio kaseti yetu, redio ya nyumba nzima, akabadilishana na baharia mmoja kwa kamera. Mama alikosa taarabu yake na taarifa ya habari kwa mpigo mmoja. Mie nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwambia, haya, sasa tutaisikilizaje hiyo kamera?

Kumbe mwenzetu alikuwa ameshafikiri mbali. Ukoo wetu ulikuwa umegawanyika nyumba nne. Temeke alikaa yeye na mama. Mbagala alikaa baba mdogo na mwanawe Mudathir. Dada yetu Farida alikuwa Goba, enzi hizo Goba mihogo na mikorosho mitupu. Tabata nilikaa mimi na mume wangu Sadallah. Marijani akasema picha za ukoo hazitakaa nyumba moja. Kila picha ya maana atasafisha nne, kila nyumba ipate yake, nyuma ameandika namba kwa penseli. Negativu zitabaki kwake Temeke, kwenye kopo la biskuti lenye kifurushi cha mchele mkavu ndani ili unyevu usiingie. Na daftari litaonyesha namba gani ni ya siku gani, nani yumo, na iko wapi.

Mnajua wageni wa kwetu. Ukimkaribisha mtu, unampa albamu aangalie huku wewe uko jikoni, na akiondoka anakuwa ameshachomoa moja, "hii naichukua, nimetoka vizuri." Huwezi kumkatalia. Albamu za watu wengine zilikuwa matundu matupu. Zetu hazikuwa hivyo. Mgeni akichomoa, Marijani anauliza namba, kabla mwezi haujaisha nafasi imejazwa. Sie tulimwita Bwana Stoo. Alikuwa anatabasamu tu.

Masika ya mwaka tisini bati la nyumba yangu lilivuja juu ya kabati, albamu nzima ikawa uji. Nililia. Marijani alikuja na daftari lake kwapani, akakaa kwenye mkeka, akasoma namba moja moja zilizokuwa kwangu, wala hakuniuliza niliwekaje albamu juu ya kabati wakati alinikataza. Wiki ya tatu akaniletea albamu mpya, hakuna iliyopungua. Nilimpa shukrani? Nilimwambia jalada lake baya.

Sasa jambo lenyewe. Mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita, na kuupata haikuwa rahisi. Kwa hiyo shughuli yoyote, Marijani akiinua kamera, lazima awepo mtu wa kufukuza watoto. Watoto wanapenda kujitokeza mbele, wanatoa ulimi, wanaharibu picha ya watu wazima, na ikishaharibika imekwenda. Mfukuzaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na sauti na nilikuwa na mkono. Mtoto wa mwenzangu, mtoto wangu, kwangu wote walikuwa sawa, toka hapo. Marijani alikuwaga ananiambia, waache, mdogo wangu, nao ni ukoo. Mie namjibu, piga wewe, acha maneno.

Ndiyo maana binti yangu Najat, mpaka anafika miaka mitano, alikuwa na picha moja tu. Marijani alimpiga Idd ya mwaka tisini na moja, uani kwangu, bila kunishirikisha. Najat amevaa gauni la marinda la rangi ya ndimu, ameshika soda haijafunguliwa kwa sababu nilikataza isifunguliwe mpaka avue gauni. Amekunja uso kidogo kwa ajili ya jua. Namba themanini na nne. Ilisafishwa nne kama kawaida, ikaenda nyumba zote.

Mwezi wa sita mwaka huohuo homa ilimpanda asubuhi, ikaja degedege, na jua halijazama tulikuwa tumeshamzika.

Msibani wanawake walitoa picha zote ukutani ili isomwe khitma, kama ilivyo kwetu, maana wanasema malaika hawaingii penye picha. Kawaida zinafunikwa kwenye khanga, matanga yakiisha zinarudi. Mama mmoja alikuja kuniuliza aiweke wapi ile ya marehemu. Aliishika kifudifudi, akijitahidi nisiione. Niliiona. Jamani, ile soda. Nilikuwa nimemkatalia soda mwanangu siku ya Idd kwa ajili ya gauni, na baadaye vumbi la kucheza likamsahaulisha, hakuinywa. Kitu kikanipanda kichwani. Siku ya tatu nikamwita Marijani, nikamwambia sitaki kuiona picha ile katika nyumba yoyote, si kwangu, si Goba, si kwa mama, na negativu yake ichomwe.

Hakuwahi kunipinga maishani, ila siku ile alinipinga. Alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta.

"Niachie hata ile negativu, mdogo wangu. Itakaa kwenye kopo kwangu. Hutaiona."

Nilimwambia, "Niapie."

Watu walikuwa wanasikia. Sadallah alinishika bega, nikamtoa mkono. Farida alisema huyu ana uchungu, asisikilizwe leo, nikamgeukia yeye nikamwambia maneno ambayo mpaka leo hajayasahau. Marijani alivaa miwani yake. Kisha akaapa, akataja jina la Mungu mara tatu kama nilivyotaka.

Aliifuata Mbagala na Goba, akaichukua na ya mama ambaye alilia kuitoa, na siku ya saba alikuwa uani kwangu na bahasha. Mie ndiye niliyesogeza jiko la mkaa. Picha nne zilikwenda haraka. Negativu yeye mwenyewe alikuwa ameikata kwa mkasi kutoka katikati ya nyingine za mkanda ule. Ilijikunja, ikatoa moshi wenye harufu kali, ikawa tone jeusi. Marijani alifungua daftari palepale, akaandika mbele ya themanini na nne, "haipo." Nilijiona nimeshinda. Sijui nilikuwa nashindana na nani.

Nilipata mtoto mwingine mwaka tisini na tatu, wa kiume, tukamwita Suleiman. Alipofika miaka mitatu na kidogo, akili za kuuliza zilipomjia, akaniuliza dada yake aliyekufa alikuwa anafananaje. Nilianza vizuri. Nilisema alikuwa na nywele nyingi, alikuwa na mwanya. Akauliza, pua yake? Nilitafuta pua ya mwanangu nisiione. Nikatafuta macho, nikapata yangu mwenyewe, ya kwenye kioo. Nilikuwa nalo gauni, nilikuwa nayo soda, mahali pa uso pamekuwa peupe. Suleiman akachoka kusubiri, akaenda kucheza.

Kesho yake nilikwenda Temeke. Njia nzima nilikuwa namuomba Mungu jambo moja la ajabu, kwamba kaka yangu awe alinidanganya. Kwamba ile aliyochoma ilikuwa nyingine, na namba themanini na nne imelala ndani ya kopo, kwenye mchele.

Marijani wakati huo alikuwa ameshapunguzwa kazini. Kiwanda kiliuzwa, stoo akapewa mtu mwingine. Alikuwa anashinda kibarazani, amekonda, anakohoa, kopo la biskuti liko chini ya kiti chake. Nilimsalimia, nikaulizia hali ya mama, kisha nikashindwa kuzunguka. Nikamwambia, "Kaka, sema ukweli. Uliichoma kweli?"

Alivua miwani, safari hii hakuifuta.

"Uliniapisha, Zuena."

Hakusema kwa kunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilikaa chini sakafuni pale kibarazani, mtu mzima na buibui langu, nikalia mpaka mama akatoka ndani kuuliza amekufa nani. Marijani ndiye aliyeniomba msamaha mimi. Alisema mtunza stoo hatupi kitu hata mwenye mali akimwamuru, na yeye alitupa.

Baada ya siku ile alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kama uso wa Najat hauko kwenye picha yake, alisema, huenda uko kwenye picha za wengine. Alitoa kila negativu kwenye kopo, akawa anaiinua dirishani mchana, penye mwanga, na lenzi ya kusomea jichoni. Shughuli zote za tangu mtoto alipojua kutembea. Arusi, ngoma, maulidi, kuhama nyumba. Aliwaendea na watu wa Mbagala aliowapigia picha zamani, akawaomba negativu zao. Farida alimwambia apumzike, kifua hicho kitamuua. Alifanya hivyo miezi mitatu. Kila nilipokwenda aliniambia bado, na namna alivyoisema ile bado ilinipa matumaini, nami nikawa nalala nayo na kuamka nayo.

Jumapili moja akaja mwenyewe Tabata. Alikaa kwenye mkeka uleule, akaomba maji. Alisema iko moja tu. Namba sitini na moja, arusi ya Mudathir. Nilimwambia hiyo ninayo, nimeiangalia mara mia, hakuna mtoto. Akanieleza kwamba studio ikisafisha picha, karatasi inakula pembeni kidogo, negativu ina zaidi ya kile tunachopewa. Revelian, fundi wake wa siku zote, alimsafishia nzima bila kukata, na akaikuza.

Akanipa.

Bibi arusi katikati, Mudathir na koti kubwa, mashangazi wamejipanga. Na kushoto kabisa, pale ambapo kwenye picha yetu palikuwa mwisho, yuko Najat. Sikio na uzi mweusi, maana alikuwa ametogwa wiki ile. Bega, na rinda moja la gauni. Uso hauonekani. Juu ya uso kuna mkono wa mtu mzima unamsukuma nyuma, vidole vimefunguka, vina hina mpaka kwenye kucha, na bangili tatu.

Bangili zile ninazo mpaka leo. Mwenye mkono hayumo kwenye picha, lakini hahitaji kuwemo. Nilijisikia nikisema yale maneno, sauti yangu yenyewe, mbele ya watu wote wa Mbagala: toka hapo, unaharibu picha ya watu.

Marijani aliniacha nilie. Kisha akasema hakusafisha nne, alisafisha hii moja kwanza, niione peke yangu. Kama nikitaka, Revelian anaweza kuukata mkono. Aliweka kidole chake juu ya mkono wangu pale pichani kunionyesha, na kidole kilipoufunika mkono, mtoto naye akapotea, likabaki sikio.

Nilimwambia, "Safisha nne. Peleka kila nyumba."

Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Aliogopa nitageuka, maana ananijua. Sikugeuka. Zilikwenda Goba, Mbagala, Temeke, na ya kwangu nikaitundika sebuleni. Mgeni akikaa hapa akiangalia, lazima aulize ni mkono wa nani. Mwanzoni Sadallah alikuwa anawahi kujibu kwa niaba yangu, kwamba ni mtu tu, arusini. Nikamkataza. Namjibu mwenyewe, ni wangu.

Kaka Marijani alifariki masika ya mwaka tisini na nane, kwa kifua chake. Namwambia shukrani sasa, hanisikii. Matanga yalipokwisha Farida alichukua kamera, Mudathir akachukua miwani, mie nikaomba kopo na daftari. Nilikaa miezi bila kulifungua daftari. Nilipolifungua nikaenda moja kwa moja themanini na nne, nione ile "haipo" yake. Alikuwa ameipiga mstari. Juu yake, kwa penseli, mwandiko unaotetemeka, ameandika arusi ya Mudathir, nyumba zote nne. Na pale anapoandikaga walio kwenye picha, hakuandika bibi arusi wala mashangazi. Ameandika: Najat na mama yake.