Chungu cha Nyineka

Ghala la shangazi yangu kule Buganguzi lilinuka kahawa ya maganda, maharage makavu na mkojo wa panya. Hadi leo nikipita karibu na magunia ya kahawa hapa Bukoba, harufu ile inanirudisha nikiwa na miaka tisa, miguu peku, nimechuchumaa mbele ya chungu kilichopasuka mdomo. Wazazi wangu walikuwa walimu wa kuhamishwa huku na kule, wakaona afadhali nikae kwa dada yake baba, shangazi Koku, mjane asiye na mtoto, mwenye kibanja cha migomba kisichoota magugu na mdomo usiokosa jibu. Nilimpenda kuliko mama. Nalisema hili bila kumung'unya maneno, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Ndani ya chungu kile aliishi nyoka. Alikuwa na rangi ya udongo, na mistari miwili myeupe ikimpita machoni. Hakuwa na sumu, kazi yake ilikuwa panya tu. Shangazi ndiye aliyenionyesha. Alisema wazee wetu wa Kihaya hawakumpiga nyoka aliyeingia nyumbani kwa amani, kwamba huyo ni mgeni aliyetumwa, na mgeni hupewa chakula. Akanifundisha namna ya kumlisha: panya wa mtegoni abanwe mkia kwa vijiti, chungu kigongwe mara tatu kwa vidole viwili, kisha nitulie. Kichwa kilitokeza, ulimi ukaonja hewa, halafu mdomo ukamvaa panya taratibu kama soksi. Nilimpa jina la Nyineka, yaani mwenye nyumba, na shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. Nyoka alipojivua gamba, shangazi mwenyewe alilikunja akaniwekea katikati ya daftari langu la hisabati. "Hii ni siri yetu, mwana wange," alisema. "Wa kanisani hawataelewa."

Mwezi wa rozari ulipofika, jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa ikisali nyumba kwa nyumba, na kila mtu alijua kwamba mwenyekiti mpya angechaguliwa Jumapili ya mwisho. Shangazi alikitaka kiti hicho, tena alikitaka sana. Zamu ya kwetu ilipofika alitandaza majani mapya sakafuni, akapika ndizi na maharage sufuria nzima, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa. Tukaanza kusali uani, lakini mvua ikatufukuza, watu wakajazana sebuleni na wengine mlangoni pa ghala lililoungana nayo. Nadhani maji yalikuwa yameingia chunguni. Katikati ya fumbo la tatu, Nyineka alitoka akapita juu ya majani, mbele ya miguu ya katekista, kisha akarudi mbio nyuma ya magunia. Sala ikakatika. Akina mama wakapanda juu ya viti. Katekista, mzee mpole, aliuliza kama nyumba hii inafuga nyoka, na sisi watu wa huku tunajua swali hilo lina uzito gani: alikuwa anauliza kama mwenye nyumba bado anatambikia mizimu huku akipokea komunyo. Nilimtazama shangazi. Sikuwa na wasiwasi, maana hakuwahi kukosa jibu.

Kweli hakukosa. "Ni huyu mtoto," alisema. "Nimemkanya hadi nimechoka." Akaenda moja kwa moja kwenye mkoba wangu wa shule, akatoa daftari la hisabati, akalikunjua lile gamba mbele ya jumuiya nzima. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kisha akaniinamia sikioni, kwa sauti yake ileile ya siri zetu, akasema nimgongee atoke, tumpeleke kibanjani akakae salama. Nikamwamini. Hata baada ya gamba lile, nilimwamini. Niligonga chungu mara tatu. Nyineka akaja, kichwa juu, akitafuta panya wake, na mpini wa jembe ukamshukia. Aliyeushika alikuwa shangazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa amenipaka mafuta asubuhi ileile.

Jumapili akachaguliwa. Mimi shuleni nikaitwa mtoto wa nyoka, na hakuna aliyekubali kukaa nami dawati moja. Baba alipokuja kunichukua, shangazi alinifungia ndizi za njiani kwenye jani la mgomba, akanibusu shavuni kana kwamba hakuna lililotokea. Zile ndizi nilizitupa nje ya dirisha la basi kabla hatujafika Muleba.

Miaka imekwenda. Msimu wa senene uliopita, shangazi alikuja kukaa kwangu akihudhuria kliniki ya macho. Binti yangu, ambaye naye sasa ana miaka tisa, anafuga buibui mkubwa mwenye manyoya kwenye kopo la plastiki lenye udongo, na humlisha senene mmoja kila baada ya siku mbili. Anampiga picha kwa simu yangu na kuwaonyesha wageni, hata wanajumuiya, nao hucheka tu na kuuliza kama anauma. Hakuna anayemficha. Shangazi alipoelezwa ndani ya kopo mna nini, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Umemfuata mama yako," akamwambia binti yangu. "Mama yako alifuga nyoka nyumbani kwangu, nikamkanya hadi nikachoka."

Yalikuwa maneno yaleyale. Nilikuwa nimengoja zaidi ya miaka ishirini ayarudie, ili na mimi safari hii sauti yangu itoke. "Tulimfuga wote, shangazi," nikasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akanigeuzia yale macho yenye ukungu. "Mimi?" akasema. "Mimi sijawahi kufuga nyoka."

Wala hakusitasita, na nikaona kwamba hakuwa anasema uongo tena. Alikwisha kuuamini uongo wake mwenyewe. Kisha akapapasa sahani ya senene tuliokuwa tukiwachambua, akachukua mmoja aliyekuwa bado hai, akamwomba binti yangu amsogezee kopo. Kabla ya kumtumbukiza, aligonga ubavu wa kopo kwa vidole viwili, mara tatu, akatulia akisubiri. Nililichukua kopo lile mikononi mwake, nikamrudishia mwanangu.