Eda ya Mama na Kifua Changu

Mtu aliyejifukiza udi akipita mbele ya duka langu, pua humtambua kabla ya macho, na kifua hujikunja. Wateja hudhani nawanunia. Si hivyo, jamani.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa ghorofani Malindi, miaka ile ya foleni za mchele. Udi ulikuwa adimu, lakini Mama alikuwa na akiba yake kwenye kopo la biskuti. Kila Ijumaa aliweka chetezo chenye makaa na udi chini ya tenga, akatandaza juu yake kanzu za Baba na kanga zake, na nyumba nzima ikajaa moshi mtamu. Hapo nami nikaanza: chafya kumi, kumi na tano, macho mekundu, halafu kifua kikapiga filimbi. Baba alinibeba mgongoni akizunguka ukumbini mpaka nipate pumzi.

Mwalimu wa chuoni, nilikosoma Kurani, alisema ni jicho la hasidi. Alinipa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji, nikanywa. Kisha akaagiza nifukizwe asubuhi na jioni. Nilifunikwa shuka juu ya chetezo, na kadiri nilivyokohoa ndivyo walivyozidisha udi.

"Linatoka hilo!" alishangilia jirani yetu, Bi Mwanaidi.

Kwa kweli nilikuwa karibu kutoka mimi.

Mara Baba akafa, kwa homa ya siku tatu. Mama akakaa eda: nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna manukato, chetezo juu ya kabati. Na mimi nikapona! Nikaruka kamba, nikapanda ngazi mbio. Bi Mwanaidi akasema, "Marehemu kaondoka na maradhi ya mwanawe." Nilimwamini. Nililia kwa kuwa Baba amekufa kwa ajili yangu. Nilipomaliza kulia nikavuta pumzi ndefu, nikaona raha, kisha nikaona haya kwa ile raha. Sikujua nikifanye nini kifua kizima.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, wanawake walimkogesha Mama, wakamvisha nguo za rangi, wakamfukiza. Nilikwenda kumkumbatia, na jioni ileile kifua kilinibana kuliko siku zote. Nilifikiri Baba ameyarudisha maradhi. Nilimkasirikia, nikamwomba radhi, nikamkasirikia tena.

Hospitali, daktari alinisikiliza mgongo, akamuuliza Mama, "Nyumbani mnafukiza?"

"Tunafukiza. Kwani sisi si watu?"

"Basi moshi huo ndio unaomkaba mwanao."

Njia nzima Mama alitembea mbele yangu, nikadhani kanichukia. Kesho yake kopo lake la udi alimpa Bi Mwanaidi.

Tangu hapo alikwenda harusini bila ya udi, bila ya marashi, hata asumini hakutia kichwani. Wanawake walinong'ona kuwa Mama, Bi Zuhura, hajatoka eda, na waliotaka kuleta posa wakarudi nyuma. Nami niliamini hivyohivyo. Niliona fahari kwamba Baba alipendwa kiasi kile.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwambia Mama namna nilivyoistahi huzuni yake. Alinitazama kwa mshangao, akacheka.

"Baba yako nlimlilia nikamaliza, mwanangu. Miaka mingine yote ile ilikuwa ya kifua chako."